Tuwafikie Vijana Kwanza
(Hotuba kwa wanachama, Diani)



Leo sikuja kusema habari za mishahara, ingawa nitakayosema yaugusa mshahara wa kila mmoja wetu. Nimekuja kusema habari za vijana wetu na mapanga.

Mwajua desturi ya madaktari wakati wa kipindupindu. Hawangoji wagonjwa wajae hospitali ya Msambweni. Huuliza: Maji haya yamechotwa wapi? Kisima kikijulikana hutiwa dawa, na walio karibu na mgonjwa huangaliwa. Hakuna amtukanaye mgonjwa.

Ugomvi wa vijana nao huambukiza. Pigo moja huzaa kisasi, na kisasi huzaa kingine. Mwaka 1996 Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulitamka kwamba jambo hili ni la afya ya watu wote. Daktari Gary Slutkin wa Marekani, aliyepata kupigana na kipindupindu katika kambi za wakimbizi huko Somalia, aliporudi Chicago aliona risasi zikifuata njia ile ile ya ugonjwa. Kazi yake ilianza huko mwaka 2000: watu wa mtaa wenyewe, wanaoaminiwa na vijana, waliingia kati kabla ya kisasi.

Sasa tujitazame sisi. Mwaka 1988 kiwanda cha sukari cha Ramisi kilifungwa. Sisemi kiwanda ndicho kilicholeta vita. Nasema kijana asiye na kazi humsikiliza yeyote amwitaye. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilishambuliwa. Vijana walikuwa wamekwisha kula kiapo msituni, Kaya Bombo, wakiambiwa kwamba watu wa bara ndio waliowanyang'anya kazi na ardhi. Waliouawa walipita 100, na maelfu kwa maelfu walihama makwao. Watalii wakakimbia, hoteli zikafunga milango. Mpishi, dereva na mfagizi, wa bara na wa pwani, wote walikosa kazi pamoja. Barua ya kuachishwa haikuuliza kabila.

Ndugu zangu, waliowapa vijana wale mapanga waliwafikia kwanza. Sisi tulikuwa wapi?

Basi naleta mashauri matatu. Kwanza, kila tawi lichague watu watatu, akina mama wakiwamo, ambao vijana huwasikiliza. Wasiwe wapelelezi. Kazi yao ni hii: kijana akijeruhiwa, waende usiku ule ule wakakae na rafiki zake mpaka hasira ishuke.

Pili, tuwaombe wakubwa wa hospitali watuambie, bila kutaja jina la mtu, majeraha ya mapanga yatoka mitaa gani na siku gani. Hapo tutajua kisima ki wapi.

Tatu, tukikaa mezani na waajiri, tudai nafasi za kujifunza kazi kwa vijana wa Ukunda, Msambweni na Lungalunga. Kijana mwenye kazi ana kitu cha kulinda.

Polisi wana kazi yao, lakini mara nyingi huitwa damu ikiwa imekwisha kumwagika. Mtu asiseme kwamba haya si mambo ya chama. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mwaka 1997 ukuta ule tulijenga kwa mishahara yetu.