Kikombe Kimoja Si Robo Kilo

Maneno ya mratibu wa miradi kwa wajumbe wa kamati za sharika na wahisani



Leo hatuanzi na taarifa ya fedha. Tunaomba kuwaeleza kosa letu, ili lisirudiwe katika sharika zenu.

Katika kituo kimojawapo tulipanga uji wa lishe kwa watoto 60. Kila mtoto alipangiwa gramu 50 za unga, yaani kilo 3 kwa siku. Jikoni hapakuwa na mizani, bali kikombe cha mililita 250. Sisi ofisini tukahesabu kwamba kikombe hicho ni robo kilo, hivyo kilo 3 ni vikombe 12. Tukaandika karatasi, tukaibandika ukutani, tukaondoka.

Haukupita muda wazazi wakalalamika kwamba uji ni mwepesi mno. Baada ya siku 40 za kupika tulikagua stoo, tukakuta zaidi ya kilo 50 za unga ambao, kwa hesabu ya daftari, ulikwisha kuliwa. Maneno yakaanza: mama mpishi anawapunja watoto ili abaki na cha kubeba. Nasi, tunakiri, tulimwita tukamhoji mbele ya kamati.

Alijibu kwa upole, "Mimi nafuata karatasi yenu." Kisha akaomba iletwe mizani. Kikombe cha unga wetu, kikiwa kimesawazishwa kwa kisu, kilikuwa na gramu 140 tu. Vikombe 12 ni gramu 1,680. Kumbe kila mtoto alikuwa akipata gramu 28 badala ya 50! Aliyewapunja watoto ni hesabu yetu.

Ndugu zetu, mililita hupima nafasi, gramu hupima uzito. Kwa maji mambo haya mawili hulingana: mililita 250 ni gramu 250. Lakini kikombe hichohicho hubeba mafuta ya kupikia gramu 230 hivi, sukari kama 210, mchele kama 200, na unga wa ngano kama 130 tu. Chumvi laini hufika karibu 300. Unga ukitikiswa au kushindiliwa, uzito huongezeka ingawa kikombe ni kilekile.

Bibi zetu walipima kwa kibaba na pishi, vibaba vinne kwa pishi moja, na sokoni bado tunanunua kwa kopo na debe. Vipimo hivyo si vibaya. Ubaya ni kudhani kwamba kila kinachojaza kopo kina uzito mmoja.

Kwa hiyo tunashauri haya:

1. Chagueni chombo kimoja cha kupimia, kisibadilishwe.
2. Azimeni mizani, hata ya dukani. Pimeni kwanza chombo kitupu, kisha kikiwa na unga, mtoe tofauti. Rudieni mara tatu, mchukue wastani.
3. Gawanyeni uzito unaotakiwa kwa wastani huo. Kwetu, gramu 3,000 kwa 140 ni vikombe 21 na nusu.
4. Andikeni kilo na vikombe pamoja, jikoni na katika daftari la stoo.
5. Unga ukibadilika, kwa mfano mkiongeza soya au karanga, pimeni upya.

Mambo ya Walawi sura ya 19 inataja mizani ya haki, na pia efa ya nafaka na hini ya vitu vya majimaji. Haki inadaiwa katika uzito na katika ujazo.

Tulimwomba radhi mama yule mbele ya kamati ileile iliyomhoji. Unga uliobaki ulitosha siku 17 za uji mzito. Basi, siku mkikuta upungufu au ziada katika stoo zenu, leteni mizani kwanza, kabla ya kumnyoshea mtu kidole.