Waliofunga Mabaraza na Waliokuta Mlango Umefungwa

(Mazungumzo kwa wahitimu wa kisomo)

Leo hatutazungumza juu ya mbolea wala mizani. Tutazungumza juu ya mgomo. Si mgomo wa kiwandani, ni mgomo wa watu wenye simu mkononi.

Wengi wetu siku hizi tumo katika makundi ya WhatsApp. Kuna kundi la kikoba, kundi la wazazi wa shule, kundi la msiba. Kila kundi lina msimamizi, yule tunayemwita admini. Akitaka, anaweza kulifunga kundi asiandike mtu mwingine ila yeye. Mmeshaona hayo. Basi shikeni hapo, maana habari ya leo ni ya makundi kama hayo, ila makubwa mno, na ilitokea Marekani mwaka 2023.

Huko kuna kampuni iitwayo Reddit. Ilianzishwa mwaka 2005. Yenyewe haiandiki habari. Imeweka uwanja tu katika intaneti, na watu wanakuja kuzungumza kwa maandishi. Uwanja huo umegawanyika katika mabaraza maelfu kwa maelfu. Lipo la mafundi magari, lipo la wagonjwa wa kisukari, lipo la watu wasioona. Mwenye swali anauliza, mwenye kujua anajibu. Mwaka huo watu kiasi cha milioni 57 walikuwa wanaingia kila siku.

Nani anayalinda mabaraza hayo? Nani anafuta matusi na kufukuza matapeli? Si watumishi wa kampuni. Ni wasimamizi wa kujitolea, nao hawalipwi hata senti moja. Mama mmoja darasani kwetu aliuliza, "Kwani hao walichaguliwa na nani?" Hawakuchaguliwa, mama. Anayeanzisha baraza ndiye msimamizi wake, halafu anawaita wenzake wamsaidie. Swali hilo lina uzito, tutalirudia.

Sasa ugomvi wenyewe. Kwa miaka mingi kampuni iliwaruhusu watu wengine watengeneze programu zao za kusomea mabaraza hayo katika simu. Tuseme ni ghala moja lenye milango mingi. Mlango mmoja ni wa mwenye ghala, milango mingine imejengwa na mafundi wa nje kwa ruhusa yake. Watu wengi waliipenda milango ya nje kwa kuwa ilikuwa rahisi zaidi kupita. Wasioona ndio walioihitaji kuliko wote. Asiyeona husoma simu kwa masikio: simu inamtamkia kilichoandikwa. Programu ya kampuni yenyewe haikutengenezwa vizuri kwa kazi hiyo. Baadhi ya programu za nje zilitengenezwa vizuri.

Mwezi wa Aprili 2023 kampuni ikatangaza kwamba wanaochota ghalani kwa wingi watalipa. Sababu waliyoitoa ilikuwa hii: makampuni yanayotengeneza akili bandia yalikuwa yakichukua maandishi hayo bure ili kuzifundisha mashine zao. Hapo kampuni ilikuwa na hoja, tusiwanyime haki yao. Lakini tuitazame bei. Ilikuwa dola 12,000 kwa kila mara milioni 50 za kuchota. Fundi mmoja, Christian Selig, alikuwa na programu iitwayo Apollo. Programu hiyo ilichota mara bilioni 7 kwa mwezi mmoja. Toeni kalamu tufanye hesabu pamoja. Bilioni 7 ukizigawa kwa milioni 50 unapata 140. Zidisha 140 kwa dola 12,000, unapata dola 1,680,000. Hiyo ni ya mwezi mmoja tu. Kwa mwaka ni zaidi ya dola milioni 20. Bei alielezwa mwishoni mwa Mei, na malipo yalianza kuhesabiwa tarehe 1 Julai. Fundi huyo angezitoa wapi?

Ndipo wasimamizi walipokubaliana kugoma. Tarehe 12 Juni 2023 mabaraza zaidi ya 7,000 yalifungwa kwa siku mbili. Ukienda unakuta kufuli. Yalifungwa mengi kwa pamoja hata mitambo ya kampuni ikayumba kwa saa kadhaa siku ya kwanza.

Na sisi tunataka tuwatazame hasa wale walioachwa nje ya mlango, kwa sababu habari nyingi zilizungumza juu ya mwenye kampuni na wasimamizi tu, kana kwamba wale mamilioni wengine walikuwa mbuzi wa kufungiwa na kufunguliwa.

Wako waliounga mkono. Hao walizima simu siku zote mbili, na wengine walisema siku mbili ni chache mno. Wako waliokasirika. Walisema, "Mimi programu ya nje sijawahi kuitumia. Nilikuja kuuliza habari za ugonjwa wangu, nakuta kufuli. Aliyenifungia hakuniuliza." Wako waliocheka tu, wakasema wagomaji watarudi wenyewe. Tena wako watu ambao hata hawakujua kuna mgomo. Walikuwa wakitafuta jibu katika Google, jibu linaonekana lipo Reddit, wakibonyeza wanaambiwa baraza limefungwa. Gari limeharibika njiani, na dawa yake iko nyuma ya kufuli!

Kundi jingine lilikuwa na hasira kali zaidi. Hao walifuta maandishi yao yote ya miaka mingi. Walisema, "Haya ni jasho letu, hamtayauza." Tunawaelewa. Lakini kwa kufanya hivyo walimwadhibu pia yule mgeni atakayekuja kesho na swali lile lile. Atakuta swali limebaki, jibu halipo.

Mkuu wa kampuni, Steve Huffman, aliwaandikia watumishi wake kwamba kelele hizi zitapita kama zilivyopita nyingine. Kwa maoni yetu, wagomaji walimrahisishia kazi. Ukimwambia mtu kwamba mvua itakatika keshokutwa, ataezeka paa la nini? Atakaa pembeni angoje.

Baada ya zile siku mbili mabaraza mengine yakaendelea kufungwa. Hapo kampuni ikabadilisha maneno. Ikawaambia wasimamizi: fungueni, la sivyo tutaweka wengine. Na Huffman, alipohojiwa na waandishi, akawafananisha wasimamizi na mabwanyenye wa zamani wenye ardhi. Alisema anayefika kwanza ndiye anayetawala, na kumtoa hakuna njia. Akasema afadhali wanachama wapewe uwezo wa kuwapigia kura.

Mnaona, ndugu? Ni lile lile swali la mama wa darasani. Na swali lenyewe ni la haki. Lakini kwa miaka yote ile, wasimamizi walipokuwa wanafuta matusi usiku bila malipo, kampuni haikuona ubwanyenye wao. Iliuona walipofunga mlango.

Wasimamizi wengine wakasema haya, tupige kura. Katika baraza kubwa la picha wanachama waliulizwa: turudi kama zamani, au kuanzia leo tuweke picha za John Oliver peke yake? Huyo ni mchekeshaji Mwingereza anayeonekana katika televisheni ya Marekani. Alipata kura zaidi ya 37,000. Baraza likajaa sura yake, na mwenyewe akafurahi, akatoa picha zake nyingine watumie. Ulikuwa ni mgomo wa kicheko: mlango uko wazi kama kampuni ilivyotaka, lakini ndani hamna cha kununua. Tulicheka na sisi. Ila kumbukeni baraza hilo lilikuwa na wanachama kama milioni 30. Katika kila watu 1,000, aliyepiga kura hiyo ni mmoja na kitu. Waliobaki hawakusema ndiyo wala siyo. Ukihudhuria mikutano ya hadhara utalijua jambo hili: watu wachache wananyosha mikono, kisha inaandikwa kwamba wananchi wamekubali.

Na wasioona je? Baraza lao nalo lilijiunga na mgomo. Kabla mgomo haujaanza kampuni ilikuwa imekubali kwamba programu za kuwasaidia wasioona zisitozwe, mradi hazifanyi biashara. Hilo lilikuwa jambo la maana, na tunaamini lisingepatikana bila kelele. Lakini wasimamizi wa baraza hilo, ambao baadhi yao wenyewe hawaoni, walieleza kwamba programu zilizosamehewa hazikuwa na vifaa vyote vya kusimamia baraza. Kusoma waliweza. Kuendesha baraza lao wenyewe kwa simu kukawa taabu.

Apollo ilifungwa tarehe 30 Juni 2023. Mabaraza mengi yalifunguliwa na watu wakarudi. Wasimamizi wengine waliondoka wasirudi tena. Februari 2024 magazeti yaliripoti kwamba Google itailipa kampuni kiasi cha dola milioni 60 kwa mwaka ili itumie maandishi yale yaliyoandikwa bure na watu. Mwezi uliofuata kampuni iliuza hisa zake New York, dola 34 hisa moja. Baadhi ya wasimamizi na waandikaji wa siku nyingi walikaribishwa wanunue kwa bei hiyo hiyo, kwa fedha zao.

Na mwishoni mwa Septemba 2024 likatoka agizo jipya: msimamizi akitaka kulifunga baraza lililo wazi, sharti kwanza aombe ruhusa ya kampuni.