Kabla ya Kusema "Ni Umri Tu", Tupime Presha

(Mazungumzo na wakazi wa Lokichoggio, yaliyoandaliwa na ofisi ya mawasiliano ya kaunti)

 

Kuna maneno tunayoyasikia karibu kila boma: "Mzee ameishiwa nguvu, ni umri tu." Wakati mwingine ni kweli. Wakati mwingine umri unasingiziwa, na mwenye kosa ni presha.

Madaktari hutazama dalili tano za mwili uliodhoofika: kukonda bila kutaka, kuchoka upesi, mkono kukosa nguvu ya kushika, kutembea polepole, na kuacha shughuli za kila siku. Mwenye tatu kati ya hizo yuko hatarini. Kuanguka mara moja au homa ya siku mbili yaweza kumlaza kwa miezi.

Presha inahusikaje? Damu ikisukumwa kwa nguvu miaka mingi, mishipa hukakamaa, moyo huchoka, figo huharibika na ubongo hukosa damu ya kutosha. Kiharusi kikija, aliyekuwa akifuata mbuzi jana, leo anageuzwa kitandani. Na presha haiumi. Utafiti wa kitaifa wa 2015 ulionyesha kuwa karibu mtu mzima 1 kati ya 4 nchini alikuwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa.

Wapo wanaosema huo ni ugonjwa wa Nairobi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, uliowapima Waturkana zaidi ya 1,200, ulikuta wafugaji wana afya nzuri ya moyo, lakini Waturkana wanaoishi mijini hali yao ni mbaya zaidi. Lokichoggio, Kakuma na Lodwar ni miji. Chumvi, mafuta ya kukaangia na kukaa kitako vimeshafika.

Sasa dawa. Mzee dhaifu anayemeza dawa za presha aweza kuona kizunguzungu akiinuka ghafla, hasa wakati wa joto kali, njaa au kuhara. Wengine hutupa dawa hapo hapo. Tafadhali msifanye hivyo. Utafiti wa kimataifa uliotolewa 2008, kwa watu wa miaka 80 na zaidi, ulionyesha kuwa waliotibiwa presha walikufa wachache kuliko wasiotibiwa. Mwambie daktari kuhusu kizunguzungu, akupime umekaa kisha umesimama, naye ndiye atakayepunguza au kubadilisha dawa.

Tufanye nini? Kwanza, tupimwe. Wahamasishaji wa afya ya jamii walipewa mashine za presha katika mikoba yao mwaka 2023. Muulize wa kijiji chako. Hospitali ya Lopiding nayo iko karibu. Kipimo kikirudia kufika 140 kwa 90 au zaidi, anza matibabu. Pili, tupunguze chumvi na tuache tumbaku. Tatu, mzee asiwe wa mwisho kugawiwa maziwa, nyama au maharagwe, maana misuli hujengwa na chakula hicho. Nne, atembee kila siku, hata kama ni kuzunguka boma tu.

Ukirudi nyumbani leo, mtazame mzee wako akiinuka na kutembea. Ukiona amebadilika, usingoje aanguke. Mlete apimwe.