Jina Usoni mwa Randa

Leo katika kipindi chetu cha historia hakuna mfalme wala vita. Kuna randa ya seremala, na kuna watu wanaozunguka minadani na kwenye mabanda ya watu kutafuta randa za namna hiyo, wanazirudisha nyumbani zimeota kutu, na wake zao wanauliza mna nini. Nimekuja kuwatetea watu hao. Si wote, lakini wengi wao.

Tuanze na randa yenyewe. Ile ya zamani ni gogo dogo la mbao ngumu lenye tundu la mshazari katikati. Ndani ya tundu mnakaa jino la chuma, na jino limebanwa kwa kabari. Fundi akitaka jino lichomoze zaidi, huligonga kisogoni kwa nyundo, taratibu. Akiona limezidi, hugonga gogo nalo likarudi. Basi. Warumi walikuwa nazo. Zimechimbuliwa Pompeii, mji uliofukiwa na majivu ya volkano mwaka 79, na seremala wa leo akipewa moja hatauliza inashikwaje.

Randa ninayotaka kuizungumzia ilitengenezwa Wrentham, mji mdogo wa Massachusetts huko Marekani, karne ya 18. Ni ya kuchonga nakshi za pembeni mwa mbao, zile zinazopamba fremu za milango na kingo za kabati. Kila randa ya aina hiyo hutoa umbo moja tu, kwa hiyo seremala mmoja alihitaji nyingi. Usoni mwake, upande unaotangulia fundi anaposukuma, pamegongwa jina: Chelor. Chini ya jina, maneno mengine yanasema kuwa mwenye jina hilo anaishi Wrentham.

Cesar Chelor alikuwa mtumwa mwenye asili ya Afrika. Bwana wake, Francis Nicholson, ndiye mtengeneza randa wa kwanza wa Marekani ambaye historia inamjua kwa jina. Nicholson alifariki mwaka 1753, na wasia wake upo. Humo alimwachia Cesar uhuru wake, kitanda na nguo zake, meza yake ya kazi na vifaa vyake, sehemu ya tatu ya mbao zilizokuwa zimehifadhiwa, na ardhi ekari 10. Tusikimbilie kumsifu Nicholson. Mtu hapewi sifa kwa kurudisha kilichokuwa cha mwenyewe, tena baada ya kufa. Lakini tazameni orodha ile. Uhuru bila meza ya kazi na mbao ungemfanya kibarua wa mtu mwingine kesho yake. Chelor aliondoka na karakana.

Akaendelea na kazi kwa miaka kama 30 hivi, mpaka alipofariki mwaka 1784. Na randa alizoziuza zilikuwa na jina lake. Muhuri wa Nicholson nao ulikuwa ukisema anaishi Wrentham, kwa hiyo maneno yale yalikuwa desturi ya karakana. Lakini yakitoka kwa mtu ambaye kwa sheria ya jana angeweza kuuzwa kokote, mimi nayasikia kwa sauti nyingine kabisa.

Sasa, nani alimtafuta Chelor? Kwa sehemu kubwa ni wakusanyaji: watu waliokuwa wakinunua randa kuukuu, wakaanza kulinganisha mihuri, wakaona jina lile linajirudia, wakauliza huyu ni nani. Ndipo wakaenda kufukua wasia na daftari za kanisa. Leo anatajwa kuwa mtengeneza vifaa wa kwanza mwenye asili ya Afrika anayejulikana katika Amerika ya Kaskazini, na randa zake zimewekwa kwenye makumbusho. Hakuacha kitabu wala picha. Aliacha mbao zenye jina.

Mtu aliyewafundisha Wamarekani kutazama vifaa kwa jicho hilo ni Henry Chapman Mercer, na huyu naomba nikae naye kidogo, maana alikuwa mtu wa ajabu.

Mercer alizaliwa mwaka 1856 katika mji wa Doylestown, Pennsylvania, kwenye familia yenye uwezo. Alisomea sheria, hakuifanyia kazi. Akawa mtaalamu wa mambo ya kale. Alichimba mapango mpaka Yucatán kule Meksiko. Mwaka 1897 alikwenda kwa muuza vitu chakavu karibu na kwao kutafuta vifaa vya meko ya kizamani. Akakuta lundo. Magurudumu ya kusokotea nyuzi, vyombo vya kupondea kitani, mizinga ya nyuki ya majani makavu, mitambo ya kusuka kamba, vyote vimetupwa kwa sababu viwanda vilishachukua kazi hizo. Vitu ambavyo babu zake walivitumia kujenga nchi vilikuwa vinangoja kuwa kuni.

Pale ndipo alipogeuza elimu yake kichwa chini miguu juu. Mchimba mambo ya kale hufukua chini kabisa, kwa watu waliokufa miaka elfu iliyopita. Mercer akasema tuanze na kilichotupwa jana, kisha turudi nyuma. Akazunguka vijijini akinunua, akachora namba juu ya kila kifaa, na akawauliza wazee kilitumikaje. Hilo la kuwauliza wazee ndilo ninaloliona kubwa kuliko yote aliyoyafanya, kuliko hata jengo lake.

Na jengo lake si mchezo! Kati ya mwaka 1913 na 1916 alijenga makumbusho ya zege tupu, orofa sita, kwa vibarua wachache na farasi jike aitwaye Lucy aliyekuwa akivuta zege juu. Kwa nini zege? Shangazi yake alikuwa na mkusanyiko wa silaha na deraya za kale za Ulaya, ukateketea kwenye moto mkubwa wa Boston mwaka 1872. Mercer hakusahau. Alipomaliza nyumba yake ya kuishi, nayo ya zege, aliwasha moto mkubwa juu ya paa kuwaonyesha watu kwamba haiungui. Ningelipa kiingilio kuziona nyuso za majirani.

Ukiingia katika makumbusho yale, vitu vinaning'inia: mashua ya wawindaji wa nyangumi, magari ya farasi, mapipa, viti, vyote vimefungwa juu ya kichwa chako. Mercer alitaka watu wavione kutoka upande wasiouzoea. Mwaka 1929 akatoa kitabu juu ya vifaa vya maseremala wa kale, na mwaka uliofuata akafariki. Alikuwa ameshagharimia wasomi kwenda mbali kutazama mikono ya wengine ikifanya kazi, Uchina na hata Angola.

Lakini nani aliyeviua vifaa vya mbao? Kwa randa, jibu lina jina: Leonard Bailey. Mwaka 1867 alipata hataza za randa ya chuma yenye gurudumu dogo la shaba nyuma ya jino. Huna haja ya nyundo. Unazungusha gurudumu kwa kidole, jino linashuka au linapanda unywele mmoja. Mwaka 1869 kampuni ya Stanley ya New Britain, Connecticut, ikanunua biashara yake. Randa ya Bailey namba 4 bado inatengenezwa, na seremala wa Buguruni, Dar es Salaam, au wa Gikomba, Nairobi, akiiona anaifahamu mara moja, hata kama yake imetoka kiwanda kingine kilichoiga.

Hapa ndipo wakusanyaji wanaponishinda. Kampuni ilitoa randa kwa namba, na namba 1 ilikuwa ndogo mno, urefu wa sentimita 14 hivi, haiwafai mafundi wengi. Waliinunua wachache, kwa hiyo leo ni adimu, kwa hiyo bei yake hupita dola 1000. Namba 4 iliyojenga nyumba na makanisa unaipata kwa bei ya chakula cha mchana. Ndiyo maana nilisema siwatetei wote.

Baada ya randa ikaja zamu ya keke, chombo cha kutobolea mbao. Huko Baltimore, Duncan Black na Alonzo Decker walipewa mwaka 1917 hataza ya mashine ya umeme ya kutobolea yenye mshiko na kifyatulio kama vya bastola. Kwa muda ilikuwa ya viwandani. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, husimuliwa, wafanyakazi walikuwa wakiondoka nazo kwenda nyumbani, na kampuni ikaelewa ujumbe: mwaka 1946 ikatoa mashine za bei nafuu za kutumia nyumbani. Karani wa benki aliyekuwa hajui kushika tindo akajikuta anatengeneza rafu Jumamosi. Banda la nyuma likawa mahali pa kujiliwaza, na zile keke na randa za mkono za mzee zikasukumwa pembeni, zikaanza kuota kutu.

Kizazi kilichofuata kikazifufua. Mbinu moja mnayoweza kuijaribu ni ya kutoa kutu bila kukwangua. Kifaa hutumbukizwa kwenye maji yenye magadi, kikafungwa upande hasi wa chaja ya betri ya gari, na upande chanya kikafungwa kipande cha chuma kisicho na kazi. Kutu huachia yenyewe, na chuma kizima hakiliwi. Fanyeni nje penye hewa, maana inatoka gesi inayoshika moto, na kile kipande kisicho na kazi kisiwe chuma kisichoshika kutu, kwa sababu hicho hutia sumu ndani ya maji.

Kusini mwa Uingereza, mwaka 1979, walitokea watu waliofanya kazi hiyohiyo ya mabandani kwa shabaha nyingine. Waliunda taasisi ya Tools for Self Reliance. Watu wa kujitolea walikusanya vifaa vya mkono ambavyo wenyewe walikuwa wamezeeka au wamefariki, wakavisafisha, wakavinoa, wakavipanga kwa fani, hili sanduku la seremala, hili la mhunzi, hii cherehani, kisha wakavisafirisha Afrika, Tanzania na Uganda zikiwemo. Kwa hiyo kuna randa iliyolala miaka 20 bandani Hampshire, hukohuko kusini mwa Uingereza, ikiwa kumbukumbu ya marehemu, kisha ikaja kufanya milango huku kwetu. Mkusanyaji angeiweka kabatini. Mercer angeipachika namba na kuining'iniza. Kwa fundi kijana anayeanza, randa hiyo ni mtaji, na sidhani kama kuna haja ya kuwagombanisha watatu hao.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni vifaa vyetu wenyewe. Pwani yetu, Matondoni kule Lamu, mafundi wa majahazi wanatumia tezo, ambalo bapa lake limekingama na mpini, fundi analishusha kuelekea mguuni kwake na hajikati. Wanatumia keke ya upinde: kamba imezungushwa kwenye mti wa keke, mkono mmoja unasukuma na kuvuta upinde, mwingine unagandamiza kishikio cha juu, na tundu linatoboka ili msumari usiipasue mbao. Ni chombo cha jamii ileile ya keke za upinde za Misri ya kale.

Mgeni akifika Lamu huonyeshwa siwa, baragumu la kale la pembe kutoka kisiwa cha Pate, na ni haki aonyeshwe. Huonyeshwa milango. Mlango wa nakshi unaweza kuwa na aya, pengine na mwaka. Jina la aliyeuchonga ni nadra. Na tezo la fundi huyo, mpini ukivunjika huwekwa mpini mwingine, bapa likiisha hupelekwa kwa mhunzi likawa kitu kingine. Chombo kinatumika mpaka kinakwisha. Hakuna aibu hapo, hivyo ndivyo kazi ilivyo, lakini mwanahistoria anabaki mikono mitupu.

Kwa hiyo nina ombi dogo. Kama kwenu kuna sanduku la fundi aliyetangulia, msilipeleke kwenye mizani ya chuma chakavu kabla hamjaandika mambo matatu: lilikuwa la nani, alitengeneza nini, na kila kifaa alikiitaje. Kama fundi mwenyewe yu hai, muulizeni sasa, na mwacheni aonyeshe kwa mikono. Kisha chukueni tochi, muimulike randa kutoka ubavuni, mwanga ulale juu ya mbao. Herufi ambazo jua la mchana limezificha zitajitokeza. Zikitokea, msasa usipite hapo. Ule weusi wa mafuta na vumbi uliolala ndani ya herufi ndio unaozifanya zisomeke.