Gemu Ndani ya Kishikwambi cha Mwalimu

Mzazi wa Singida mjini akisikia neno gemu, hukumbuka kibanda cha pleistesheni, hela ya sabuni iliyoishia humo, na mtoto aliyerudi nyumbani magharibi na daftari jeupe. Hasira hiyo ina haki yake. Lakini ipo gemu ya namna nyingine, na jaribio lake mojawapo kubwa kabisa halikufanyika Marekani wala Korea. Lilifanyika Tanga.

Kati ya Desemba 2017 na Machi 2019, watoto wapatao 2,700 katika vijiji 170 vya mkoa huo walipewa vishikwambi vyenye michezo ya kusoma, kuandika na kuhesabu, yote kwa Kiswahili. Lilikuwa shindano la taasisi ya XPRIZE ya Marekani, lenye zawadi ya dola milioni 15 zilizotolewa na tajiri Elon Musk. Serikali ya Tanzania, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani zilishiriki kuliendesha. Asilimia 74 ya watoto hao walisema hawajawahi kusoma shule. Zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Hawakupelekewa mwalimu. Walipelekewa kifaa, na kijijini pakawekwa mahali pa kukichaji kwa umeme wa jua.

Miezi 15 baadaye, idadi ya wasioweza kusoma hata neno moja ilikuwa imepungua kwa nusu, na wasichana walikuwa wamepiga hatua sawa na wavulana.

Kwa mtoto asiyewahi kukaa darasani, hayo si mafanikio madogo. Lakini nusu nyingine ilibaki pale pale, na anayeleta kishikwambi akidai kitachukua nafasi ya mwalimu aulizwe kwanza habari za nusu hiyo.

Mei 2019 washindi walitangazwa kuwa wawili: onebillion ya London, na Kitkit School ya kampuni ya Enuma. Enuma ilianzishwa na mtu na mkewe, Wakorea waliohamia Marekani. Mama huyo, Sooinn Lee, alikuwa mbunifu wa gemu za biashara, zile zile zinazowanyima vijana usingizi. Walipopata mtoto mwenye mahitaji maalumu, ufundi huo wakauelekeza kwenye kujifunza.

Ufundi wenyewe unaonekana vizuri katika GraphoGame, gemu iliyoanzia Chuo Kikuu cha Jyväskylä, Finland, kwa Profesa Heikki Lyytinen na wenzake, na ambayo toleo lake la Kiswahili limewahi kujaribiwa Kenya. Mtoto anavaa spika za masikioni. Sauti inasema "ba". Juu ya kioo zinaanza kuteremka duara, moja ina "ba", nyingine "pa", nyingine "da". Aiguse iliyo sahihi kabla haijafika chini. Akikosea, anaonyeshwa iliyo sahihi na kazi inaendelea, na silabi inayomsumbua inamrudia tena na tena. Hakuna anayemcheka. Mwalimu wa darasa la kwanza anajua vizuri kazi hiyo ya kumrudia mtoto mmoja mmoja, ila tangu elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016 na madarasa yakafurika, muda wa kumrudia kila mmoja ataupata wapi?

Na Singida ina jambo lake. Mtoto wa Ikungi anakuja shuleni na Kinyaturu chake, wa Iramba na Kinyiramba, wa Manyoni na Kigogo, na Mkalama wapo Wahadzabe na watoto wa wafugaji wa Kibarbaigi. Wengi wanakutana na Kiswahili na herufi siku moja. Mtoto wa mfugaji anamjua ng'ombe kwa rangi na kwa pembe, lakini kile kialama kidogo kinachotenganisha "ng" ya ng'ombe na "ng" ya ngoma hajawahi kukiona. Anahitaji kuisikia sauti kwa Kiswahili safi huku akiiona herufi yake, mara nyingi na bila haraka. Gemu nyingi ambazo wazazi wanapakua kwenye simu janja hazimsaidii kwa hilo, maana zinafundisha Kiingereza kwa picha ya tufaha, tunda ambalo Ilongero halioti.

Tukirudi kwenye shindano la Tanga, programu zilizofika fainali zilikuwa tano. Masharti yalitaka zote tano ziachwe wazi, kila mtu azichukue na kuzirekebisha bure. Na mwishoni mwa 2022 serikali ilianza kugawa vishikwambi kwa walimu, vikiwemo vilivyotumika katika sensa ya Agosti mwaka huo. Singida nayo ilipata. Kwa hiyo programu ipo, ya lugha yetu, iliyopimwa kwa watoto wetu, na kifaa kimo mkobani mwa mwalimu.

Kishikwambi kimoja hakitoshi darasa zima, hilo halina ubishi. Kinatosha watoto wachache waliobaki nyuma, kwa zamu, robo saa kila mmoja baada ya vipindi. Kingefaa zaidi katika madarasa ya MEMKWA, ya watoto waliokosa shule kwa wakati wake, kwa kuwa ndio wanaofanana zaidi na wale wa Tanga. Mradi wa elimu wa Shule Bora umefanya kazi Tanga na Singida pia. Pa kuanzia hapatafutwi mbali.

Kizuizi kilichobaki ni kidogo na kizito. Kishikwambi ni mali ya serikali, na mwalimu mwenye akili timamu hawezi kumpa mtoto wa miaka saba kitu ambacho kikianguka atadaiwa yeye. Halmashauri ikimwandikia kwamba kioo kikipasuka mikononi mwa mwanafunzi anayesoma hatakatwa mshahara, vishikwambi vingi vitaanza kushikwa na watoto muhula huu huu.