Maswali ya Faragha Katika Usaili wa Kazi
(Mada kwa waumini wa Kitai, Wilaya ya Mbinga)

Sifa zote njema anastahiki Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu. Ama baad.

Ndugu Waislamu, vijana wetu huenda kwenye usaili Mbinga, Songea hata Dodoma wakiwa wamejiandaa kwa vyeti na elimu. Kisha huulizwa wasiyoyatarajia: "Binti, umeolewa? Utazaa lini?" "Kabila lako lipi?" "Hijabu hiyo utaivua kazini?" Mmoja hughadhibika, mwingine husema uongo. Yote mawili ni hasara.

Tumtazame Nabii Yusuf (a.s.). Alipoitwa na mfalme kutoka gerezani, hakukimbilia kutoka. Alitaka kwanza ichunguzwe kadhia ya wale wanawake, kwani tuhuma ile iligusa uaminifu wake. Ilipobainika kuwa hana hatia, ndipo alipoomba kusimamia hazina za nchi, akataja sifa mbili tu: uhifadhi na ujuzi. Qur'ani haisimulii kuwa alimweleza mfalme mambo ya nduguze.

Basi kipimo ni hiki: je, swali linaigusa kazi yenyewe? Likiigusa, sema kweli ijapokuwa chungu. Aombaye udereva akaficha kuwa haoni vyema usiku, amemghushi mwajiri na kuhatarisha roho za abiria. Lisipoigusa, hulazimiki kuifunua sitara yako. Kusitiri kunajuzu, kudanganya hakujuzu.

Sheria ya nchi nayo ina kipimo cha namna hiyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi wa dini, kabila, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa na mengineyo, na inamlinda hata mwombaji wa kazi. Lakini sharti litokanalo na asili ya kazi yenyewe halihesabiwi kuwa ubaguzi.

Jibuni kwa upole. Aulizwaye kuhusu uzazi aseme: "Waheshimiwa, nadhani mnataka kujua kama nitaimudu kazi. Majukumu nimeyasoma, na ninayaweza." Aulizwaye kuhusu hijabu aseme: "Ni vazi la dini yangu, sitalivua. Kama lipo sharti la usalama, nielezeni, nami nitalivaa kwa namna isiyoleta hatari." Aliyeachishwa kazi akiri kwa ufupi, aeleze alichojifunza, wala asimsengenye mwajiri wake wa zamani.

Mwenye ushahidi kwamba alinyimwa kazi kwa ubaguzi asiishie kulalamika barazani. Aende Tume ya Usuluhishi na Uamuzi bila kuchelewa, kwani madai yana ukomo wa siku.

Nanyi mnaoajiri, wenye maduka, mashamba ya kahawa na shule, msimuulize binti wa mwenzenu lile msilopenda aulizwe binti yenu. Kiti cha msaili ni amana, na amana itaulizwa mbele ya Allah.

Wabillahi tawfiq.