Nomino Zilizokopwa na Vitenzi Vilivyoelemewa: Lugha ya Gereji katika Usafishaji na Urekebishaji wa Throto ya Gari

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu istilahi za Kiswahili una umri mrefu. Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki iliyoundwa mwaka 1930, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 1964, na Baraza la Kiswahili la Taifa lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, vyombo hivi vyote vimeshughulikia swali moja kwa njia mbalimbali: dhana mpya inapoingia katika jamii, ipewe jina gani, na jina hilo litoke wapi? Kwa sehemu kubwa swali hili limeelekezwa kwenye nomino. Wataalamu wamebishana iwapo kifaa fulani kiitwe kwa neno lililotoholewa kutoka Kiingereza, au kwa neno la Kiarabu, au kwa neno lililochimbuliwa katika lahaja na lugha nyingine za Kibantu. Vitenzi vimeachwa vijitafutie njia vyenyewe.

Mhadhara huu unadai kwamba katika lugha ya ufundi mpangilio huo wa vipaumbele umepinduka. Nomino iliyokopwa ina madhara madogo, kwa kuwa kifaa kipo na kinaweza kuonyeshwa kwa kidole. Kitenzi hakionyesheki kwa kidole kabla ya tendo kutendeka. Kitenzi kimoja kinapobebeshwa matendo matatu tofauti, msikilizaji huchagua tendo analolijua, na chaguo hilo laweza kuharibu kifaa. Ili kuthibitisha dai hili, kazi moja tu imeteuliwa: kusafisha na kurekebisha throto ya gari la petroli, kazi ambayo mwenye gari aweza kuifanya uani kwake kwa bisibisi, kitambaa na kopo la dawa ya kusafishia.

Kazi hii imeteuliwa kwa sababu mbili. Kwanza, barabara za Kenya, Tanzania na Uganda zimejaa magari yaliyotumika yaliyoagizwa kutoka Japani, na mengi kati yake hufika yakiwa na kitabu cha maelezo cha Kijapani. Dawa ya kusafishia nayo huwa na maandishi ya Kiingereza, na fundi huzungumza Kiswahili. Mwenye gari husimama katikati ya lugha tatu, na ile anayoielewa vyema ndiyo ambayo haijaandikiwa chochote. Pili, Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali nchini Tanzania tangu mwaka 1967. Hivyo wapo wasomaji wengi wanaoweza kufuata maelekezo marefu ya Kiswahili, laiti maelekezo hayo yangekuwapo.

2.0 Kifaa na Kazi Yake

Throto ni kipande cha bomba, aghalabu cha aluminiamu, kilichofungwa kati ya bomba la mpira litokalo kwenye eya klina na manifoldi inayogawa hewa kwa silinda. Ndani yake kuna kisahani cha duara kilichopachikwa kwenye mhimili. Dereva anapokanyaga pedali, kisahani huinama na kuacha nafasi ya hewa kupita. Anapoachia, kisahani hurudi na karibu kuziba njia yote. Katika magari ya zamani, pedali huvuta kisahani kwa waya. Katika magari mengi mapya hakuna waya huo: pedali hupeleka taarifa kwenye kompyuta, ambayo mafundi wengi huiita kontroli boksi, na kompyuta huamuru mota ndogo kukigeuza kisahani.

Injini haizimi kisahani kinapojifunga kwa sababu hewa kidogo bado hupita, ama pembezoni mwa kisahani ama katika njia ndogo ya pembeni. Hewa hiyo ndiyo inayoiwezesha injini kuunguruma polepole gari likiwa limesimama, kwa magari mengi madogo takriban mizunguko 600 hadi 800 kwa dakika. Katika gereji za Tanzania hali hii huitwa "sailensi", neno ambalo katika Kiingereza lina maana ya ukimya. Injini iliyo katika sailensi haijanyamaza hata kidogo, lakini hakuna fundi anayepotoka kwa ajili hiyo. Neno limehama maana, limepata makazi, na linafanya kazi yake. Kwa maandishi rasmi, "mzunguko tuli" waweza kupendekezwa. Kwa mazungumzo, sailensi haina kosa la kuadhibiwa.

Uchafu wa throto hautokani na vumbi tu. Mvuke wa oili kutoka ndani ya injini hurudishwa kwenye njia ya hewa ili uunguzwe. Mvuke huo huacha utando mweusi unaonata kwenye ukingo wa kisahani, mahali palepale ambapo nafasi ya hewa ni nyembamba kuliko pengine pote. Ndiyo maana hata gari lenye eya klina safi hupatwa na tatizo hili. Sailensi hushuka, injini hutetemeka, na mara nyingine huzima gari linaposimama kwenye taa za barabarani au kiyoyozi kinapowashwa.

3.0 Usemi Unaoelekeza Uchunguzi: "Kukanyaga Mafuta"

Dereva wa Kiswahili hukanyaga mafuta. Usemi huu umekita mizizi kiasi kwamba hakuna anayeuliza ukweli wake. Katika injini ya dizeli usemi huu una haki, kwa kuwa huko pedali hutawala kiasi cha mafuta yanayopulizwa ndani ya silinda. Katika injini ya petroli inayozungumziwa hapa, pedali hutawala hewa. Kompyuta hupima hewa iliyoingia kisha hutoa petroli inayolingana nayo, kwa uwiano wa kinadharia wa takriban kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Kwa ujazo, lita 1 ya petroli huhitaji karibu lita 9,000 za hewa. Kwa hiyo dereva wa gari la petroli hukanyaga hewa, na mafuta hufuata.

Tofauti hii haingekuwa na uzito wowote kama ingebaki katika usemi. Lakini usemi huongoza fikra. Mwenye gari asemapo "gari halipati mafuta nikisimama", tayari ameshautaja mfumo wa mafuta kuwa mtuhumiwa, na anayemsikiliza huanza na pampu, chujio na nozeli. Fundi mzoefu hatasita kuuliza maswali zaidi, maana sikio lake limefundishwa na injini na halitegemei usemi. Anayefanya kazi peke yake nyumbani hana kinga hiyo. Lugha ndiyo fundi wake wa kwanza, na lugha imemwelekeza pasipo.

Si kusudi la mhadhara huu kupendekeza kwamba watu waanze kusema "kanyaga hewa". Semi hazifutwi kwa amri. Linalopendekezwa ni kwamba kitabu chochote cha ufundi wa magari kitakachoandikwa kwa Kiswahili kiutaje usemi huu mapema, kieleze unapofaa na usipofaa, kisha kiendelee. Mwandishi anayeukwepa usemi kwa kuuona wa mtaani humwachia msomaji wake mzigo wa kupatanisha kitabu na mtaa.

4.0 Vitenzi vya Kusafisha: Utajiri Usiotumiwa

Katika hatua ya kusafisha, Kiswahili hakina upungufu. Kinavyo vitenzi kufuta, kupangusa, kusugua, kukwangua, kuosha, kusuuza, kuloweka, kunyunyiza na kupuliza, na kila kimoja kina mkono wake. Hata hivyo maelekezo ya kawaida husema tu "safisha throto". Katika neno hilo moja mtu aweza kuingiza bisibisi na kukwangua, au kukizamisha kifaa chote katika petroli. Baadhi ya throto zina utando mwembamba uliopakwa kiwandani ambao hauvumilii kukwanguliwa wala dawa kali iliyokusudiwa kabureta, na sensa pamoja na mota zilizo ubavuni hazipaswi kuloweshwa.

Maelekezo yanayotumia vitenzi vilivyopo yangekuwa hivi. Injini izimwe na iachwe ipoe, ufunguo uondolewe, waya wa hasi wa betri ufunguliwe. Kazi ifanywe mahali penye hewa ya kutosha na mbali na moto, maana dawa hii hushika moto upesi. Klipu ilegezwe na bomba la mpira livuliwe. Dawa maalumu ya throto inyunyizwe kwenye kitambaa laini, isimiminwe ovyo ndani ya kifaa. Kisahani kipanguswe mbele na nyuma, hususan ukingo wake. Utando ulioganda ulainishwe kwa dawa na kusuguliwa kwa brashi laini, usikwanguliwe. Baada ya hapo bomba lirudishwe na kukazwa barabara, kwa kuwa hewa inayojipenyeza kwenye kiungo kilicholegea itapandisha au kuyumbisha sailensi hata kama throto inang'aa.

Mnyambuliko wa vitenzi nao una kazi hapa. Kisahani cha waya hufunguliwa: mkono waweza kukivuta taratibu ili upande wa nyuma ufikike. Kisahani cha mota hufunguka kwa amri ya kompyuta, na kukisukuma kwa nguvu kwa kidole kunaweza kuharibu gia ndogo zilizomo ndani. Aidha, ufunguo ukiwa umewashwa, mota yaweza kukifunga kisahani na kukibana kidole. Tofauti kati ya kauli ya kutendwa na kauli ya kutendeka, ambayo wanafunzi huikariri kwa ajili ya mtihani, hapa ni tofauti kati ya throto nzima na throto iliyovunjika. Ni nadra sarufi kupata mfano ulio wazi namna hii.

5.0 Kitenzi Kilichoelemewa: "Kuseti"

Baada ya kusafisha, fundi husema: "Sasa ni kuseti." Kitenzi hiki kimetoholewa na kimezoeleka; hata unyambulishaji wake umekamilika, kwani husikika kusetiwa, kusetika na kusetisha. Kwa vigezo vya kimofolojia, kuseti ni raia kamili wa Kiswahili. Tatizo lake ni la kisemantiki. Katika kazi hii ya throto pekee, hutaja matendo matatu yasiyofanana.

Tendo la kwanza ni kurekebisha ulegevu wa waya wa akseleta. Waya hutakiwa uwe na ulegevu mdogo pedali isipokanyagwa. Ukikazwa mno, kisahani hakifiki mwisho wa kujifunga, na sailensi hubaki juu. Kiswahili kinavyo vitenzi vya tendo hili: kukaza na kulegeza.

Tendo la pili ni kugeuza skrubu ya hewa katika baadhi ya magari ya zamani, injini ikiwa imepata joto lake la kazi na vifaa vya umeme vikiwa vimezimwa. Hapa pana mtego, kwa kuwa kwenye throto hiyohiyo aghalabu huwapo skrubu nyingine ambayo kisahani huegemea. Hiyo si ya kupandishia sailensi. Kazi yake ni kukizuia kisahani kisikwame kwenye ukuta wa bomba. Hupimwa kiwandani, na katika throto nyingine hutiwa rangi kuwa alama ya kutoguswa. Anayeigeuza huipotosha pia sensa inayoiarifu kompyuta kwamba kisahani kimefungwa. Skrubu hizi mbili zinahitaji majina mawili: "skrubu ya hewa" na "skrubu ya kikomo".

Tendo la tatu halihusiani na skrubu yoyote. Katika gari lenye kisahani cha mota, utando ulipokuwa ukiongezeka miezi na miaka, kompyuta ilikuwa ikikiinua kisahani kidogo kidogo ili kufidia hewa iliyopungua. Utando ukiondolewa ghafla, kisahani bado hukaa pale kilipozoea, hewa huingia kupita kiasi, na sailensi hupanda. Mwenye gari huona kwamba ameliharibu gari kwa kulisafisha. Kinachotakiwa ni kuifanya kompyuta ijifunze upya nafasi ya kisahani. Utaratibu hutofautiana kwa kila mtengenezaji: mwingine hutaka ufunguo uwashwe na kuzimwa kwa mpangilio maalumu na injini iachwe iungurume kwa muda, mwingine hutaka kifaa cha kusomea kompyuta ya gari.

Kwa tendo hili la tatu, Kiswahili kina neno linalofaa kuliko "kuseti": kuzoeza. Kompyuta ilizoea uchafu; sasa izoezwe usafi. Kitenzi kina mzizi wa Kibantu, kinaeleweka na mtu asiye na elimu ya ufundi, kinaeleza kwa nini tatizo limetokea, na kinazalisha nomino: mazoea, uzoezaji. Zaidi ya yote, hakuna mtu atakayesikia "izoeze kompyuta" kisha akachukua bisibisi na kugeuza skrubu ya kikomo. Kwa anayesikia "seti sailensi", kosa hilo ndilo lililo karibu zaidi na mkono wake.

6.0 Hitimisho

Mfano huu mmoja unatoa mapendekezo matatu kwa wanafunzi na wataalamu wa istilahi. Kwanza, nomino za gereji kama throto, sailensi, gasketi na nozeli ziingizwe katika kamusi za ufundi kama zinavyotumika, pamoja na fasili zinazoeleza kazi ya kifaa. Kuzibadilisha kwa ajili ya usafi wa lugha kutaifanya kamusi isisomwe na watu wanaoihitaji. Pili, utafiti wa istilahi uanze kuorodhesha matendo, na kuuliza kwa kila kitenzi: je, watu wawili wakipewa agizo hili katika vyumba tofauti, watafanya jambo moja? Tatu, utafiti huo ufanyike gerejini, boneti ikiwa wazi, maana fundi huweza kutaja tofauti kwa mkono wake kabla hajaweza kuitaja kwa kinywa.

Mara nyingi imesemwa kwamba Kiswahili hakitoshi kwa sayansi na teknolojia. Katika kazi iliyochambuliwa hapa, upungufu uliodhihirika haukuwa wa maneno. Kupangusa, kulegeza, kufunguka na kuzoeza yalikuwamo muda wote, yakisubiri mwandishi wa kuyapanga kwa utaratibu. Kijitabu cha kurasa kumi juu ya throto, kilichoandikwa na mwanaisimu na fundi wakiwa wamekaa meza moja, kingekuwa hoja nzito zaidi katika mjadala huo kuliko maazimio mengi ya makongamano.